Kurasa Sitini na Mpaka wa Shamba

Kosa litakaloonekana katika maelezo haya ni kiburi cha mtu kujifanya wa lazima. Nalitaja mapema kwa sababu nimesoma vitabu vingi ambamo mwandishi huficha kosa lake hadi karibu na mwisho, kisha akalitoa kama mtu atoaye zawadi. Kosa si zawadi. Ni afadhali msomaji alishike tangu mlangoni, apate kuona jinsi nilivyolibeba na mahali nilipolitua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ule mto Tana ulipopanda ukameza mashamba, njia na makaburi, nilikuwa nimeacha ualimu na kuajiriwa katika ofisi ya misaada iliyofunguliwa Garsen. Ofisi ilikuwa na vyumba viwili vya matofali chini ya paa la mabati. Cha kwanza kilijaa magunia ya mahindi na maturubai. Cha pili kilikuwa changu: dirisha moja lenye vyuma, meza, kompyuta iliyokwisha kuchoka kwa watu wengine kabla ya kutufikia sisi, printa ya utepe iliyolia kama msumeno, na joto ambalo sikupata kulizoea ingawa nilizaliwa ndani yake. Niliingia humo asubuhi na kutoka jioni. Kwa miezi kadhaa sikuona mchana wa Garsen ila kwa vipande, katikati ya vyuma vya dirisha.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kurasa za tovuti. Kila kijiji cha delta kilichopigwa na maji kilikuwa na ukurasa wake: kina cha mto pale, vivuko vilivyofungwa, familia zilizohamia mahali palipoinuka, mahitaji yao. Kurasa zilifika sitini. Garsen haikuwa na laini ya simu ya kutegemewa, kwa hiyo nilizitia kwenye disketi, na disketi ikapelekwa kwa baiskeli hadi Minjila, ikapewa kondakta wa basi la saa nane la Malindi. Huko kulikuwa na laini, na mkuu wangu akazipandisha kwenye mtandao, wakazisoma wafadhili waliokuwa mbali. Nakala za karatasi tulizibandika ubaoni nje ya ofisi, ili mtu wa Idsowe aliyelala maturubaini ajue kama njia ya kwao imefunguka.

Kila ukurasa ulikuwa na sehemu tatu. Nilikiita kichwa kile kipande cha juu chenye jina la ofisi, tarehe, na orodha ya vijiji vyote, ambavyo msomaji akibonyeza jina la kimojawapo hupelekwa kwenye ukurasa wake. Kiwiliwili ni habari zenyewe. Mkia ni anwani na shukrani. Kichwa na mkia vilifanana katika kurasa zote. Hata hivyo, kila siku nilifungua kurasa zote sitini, mmoja mmoja, nikabadilisha tarehe kwa mkono, nikakagua zile alama za mabano zinazoamuru maandishi yakae vipi, nikahifadhi, nikachapisha, nikanakili. Kijiji kipya kilipoongezwa, niliandika jina lake mara sitini. Nilipokosea herufi moja katika ukurasa wa arobaini, nilirudi nyuma kuhakikisha sikuikosea katika thelathini na tisa zilizotangulia.

Msomaji atauliza kwa nini nilizigusa hata kurasa zisizokuwa na habari mpya. Jibu langu lilitoka shambani. Sisi watu wa mtoni huishi na maji yanayofuta mipaka. Mafuriko yakishuka, wazee wa kijiji hutembea shamba kwa shamba. Mwanamume wa kila familia husimama ndani ya tope la shamba lake na kuitaja mipaka yake kwa sauti: kutoka kisiki fulani hadi mfereji fulani. Ndipo kigingi kinapopigwa. Hata pale kigingi cha mwaka uliopita kiliposalia wima, hung'olewa na kupigwa upya, kwa kuwa mpaka ulioguswa na maji hauaminiwi. Nililelewa hivyo, na niliona ni adili kufanya hivyo kwa kurasa: kila kulipokucha, kila kitu kianze upya chini ya mkono wa mtu. Nilijivunia jambo hilo, na uchovu wangu niliuhesabu kuwa sehemu ya uadilifu.

Jumatatu moja, wakati maji yalikuwa yameanza kushuka, mpiga kasia kutoka Kilelengwani aliniletea barua. Ilitoka kwa dada yangu mkubwa, mjane, aliyelima shamba la mpunga la marehemu baba yetu. Hakujua kuandika, alimwambia mtu, na mtu akaandika kila alichosema.

"Mdogo wangu, maji yanaondoka. Wazee watatembea Jumamosi. Miche yangu imefika kiganja na inataka tope. Nimebaki na wewe tu wa kusimama. Usiposimama, shamba litahesabiwa limenyamaza, watapewa waliopoteza yao, na mimi nitapandikiza wapi mwaka huu, kichwani? Njoo hata na hiyo tai yako."

Shamba lililokosa mtu wa kulitaja ndilo lililoitwa shamba lililonyamaza. Mwanamke alililima, akapalilia, akawinga ndege, lakini hakuruhusiwa kuutaja mpaka. Niliona si haki, na ningali naona hivyo. Lakini Jumamosi ile maoni yangu yasingepiga kigingi. Kulihitajika miguu yangu katika tope. Kutoka Garsen hadi Kilelengwani mtumbwi uliondoka saa nne asubuhi na kufika jioni. Ilinilazimu niondoke Ijumaa.

Jumanne nilimwomba mkuu wangu ruhusa kwa redio ya mawasiliano. Alikuwa kijana kwangu, lakini mwenye adabu.

"Mwalimu, mimi sina neno. Nenda hata wiki nzima. Kurasa atafanya nani?"

Niliutazama mrundo wa kurasa mezani.

"Unanipata, Mwalimu?"

"Ninakupata."

"Juzi juzi nilitaka kukuletea msaidizi. Ulinijibu nini?"

"Nilijibu kwamba kazi hii haifundishiki."

"Basi. Siku itakayofundishika, nenda. Lakini kurasa zisipotoka hata siku moja, wafadhili watanipigia mimi, si wewe."

Nilizima redio na kuketi. Hakuna aliyenifungia mlango. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, na kufuli nililitengeneza mwenyewe, kwa maneno yangu, mbele ya mashahidi. Hatua za kazi nilikuwa nimeziandika katika daftari kwa vifupisho nilivyovibuni ili mwingine asivielewe. Sikumwambia mtu kwamba nilifanya hivyo makusudi. Nilijiambia ni usalama.

Tulikuwa watu watatu pale. Mlinzi wetu alikuwa mfugaji wa Kiorma wa rika langu, aliyepoteza ng'ombe wengi kwa maji yale na kukubali kazi ya kukaa langoni na kuendesha baiskeli ya disketi. Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa watu waliotoka kusini wakafyeka mashamba huku kwetu. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika ofisi ya mradi wa umwagiliaji huko juu ya mto. Mradi ukafa, naye akabaki na ujuzi wa pampu, injini na kompyuta ambao hakuna aliyeuhitaji. Kwetu aliajiriwa kutunza jenereta. Mji mzima ulimwita Mama na jina la chombo chake, naye akaitikia. Mimi nilikataa. Niliona si heshima kumbandika mtu mzima jina la mashine. Lakini sikumuuliza jina lake jingine, kwa hiyo heshima yangu ilikuwa nusu. Nilimwita fundi.

Jumatano asubuhi aliingia kuniarifu kwamba dizeli imepunguzwa, tutakuwa na umeme kwa saa chache tu kila siku. Kisha hakutoka.

"Nilikusikia jana na mkuu," alisema. "Redio yako haina siri, Mwalimu. Hata wanaopanga foleni ya mahindi wamesikia."

"Hilo ni jambo la familia yangu."

"La familia ni shamba. La kompyuta ni la ofisi. Kitu unachokifanya mara sitini, kiandike mara moja, mashine ikirudie yenyewe. Kule kwenye mradi tulifanya hivyo na taarifa za pampu."

"Mashine haina dhamiri, fundi."

"Hata jenereta haina. Lakini ikizima, unaniita."

Nilimkumbusha kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame.

"Ainame mara sitini?" aliuliza. "Huyo ana ugonjwa wa mgongo."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni alicheka hadi akashika bakora yake kwa mikono miwili. Niliwaomba waniache nifanye kazi. Waliniacha. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikabadilisha tarehe. Nikafungua wa pili. Nilipofika wa kumi na saba niliona kwamba nilikuwa nikihesabu kwa kulinganisha na miche: kwa kila ukurasa, mche umekua kiasi gani, umebakisha kiasi gani kabla haujaharibika kitaluni. Disketi ilipoondoka kwenda Minjila, nilikwenda mwenyewe kibandani kwa jenereta nikamwambia fundi kwamba ningependa kusikia alichokuwa akisema. Sikutumia neno kuomba.

Alivuta kiti, akachukua karatasi.

"Nieleze unavyofanya. Polepole. Kwanza?"

Sikutegemea kwamba swali hilo lingeniuma. Mtu aliyeificha kazi yake kwa muda mrefu akiambiwa aieleze kwa maneno mepesi, huona ilivyo ndogo. Hatua zangu zilizojaza daftari zima kwa vifupisho zilitoshea katika mistari saba ya mwandiko wake.

"Kisha?"

"Kisha nafungua ukurasa wa Idsowe."

"Leo Idsowe kuna habari mpya?"

"Hapana. Mara ya mwisho ni siku tano zilizopita."

"Na ukurasa umeandikwa tarehe gani?"

"Ya leo. Nimeutengeneza leo."

Aliinua uso. "Kwa hiyo mtu akisoma ataona kina cha mto Idsowe leo, kumbe ni cha siku tano."

Nilimpa jibu la wahenga wangu. Nilimweleza desturi ya vigingi, kwamba kilichoguswa na maji hurudiwa chote. Nilieleza kwa kirefu, kama nilivyozoea darasani. Mlinzi, aliyekuwa amerudi na kuegemeza baiskeli ukutani, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hiyo ni ya shamba," alisema. "Shamba haitembei. Sisi tuna malka."

Malka ni njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni kunywa, wanayoachiwa wafugaji katikati ya mashamba. Nilikulia kando ya moja, na kwa maisha yangu yote niliitazama kama njia ya kuharibia mimea yetu.

"Kwa malka, ng'ombe ni mingi na mlango ni moja," aliendelea. "Mtu anasimama juu, anaangalia. Ile imekunywa inatoka huku, haingii tena. Hata ikilia, haingii. Wewe unarudisha ile ya jana mtoni kila siku. Ya nyuma inakufa na kiu."

"Na huyo mtu anajuaje ipi imekunywa?" fundi alimuuliza.

"Anaangalia tumbo, anaangalia mguu kama iko na tope. Si kazi ngumu. Hata mwalimu anaweza."

Fundi hakucheka. Alifungua mkoba wake na kutoa disketi iliyofungwa kwa mfuko wa maziwa. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo aliyokuja nayo kutoka kwenye ule mradi. Alinieleza kwa maneno ambayo ningali nayakumbuka, kwa kuwa sijasikia mwalimu aliyeeleza vyema zaidi. Unaandika orodha moja: ukurasa wa Idsowe unatokana na kichwa, kiwiliwili cha Idsowe na mkia. Unaandika na amri za kuviunganisha. Ukiita programu, inatazama saa ambayo kila faili lilihifadhiwa. Kiwiliwili kikiwa kipya kuliko ukurasa, inauunda ukurasa upya, inauchapisha, inaunakili kwenye disketi. Kikiwa cha zamani, inaupita.

"Ndiye mtu wako wa malka," alimwambia mlinzi.

"Mmemlipa?" mlinzi aliuliza.

Tarehe tukaitoa kichwani, tukaiweka ndani ya kila kiwiliwili, ili kila kijiji kibebe siku ya habari zake mwenyewe. Hilo nililikubali bila ubishi. Tangu aliposema juu ya Idsowe sikuweza kuutazama ubao wa nje.

Alhamisi ilikuwa siku nzito kuliko zote. Fundi aliiwasha kompyuta mapema, kabla sijafika, akaiandaa. Mimi nilizigawa kurasa sitini, nikakata kichwa na mkia kutoka kila mmoja, nikabakisha habari tupu. Huku nikikata, ilinipasa pia kuandaa kurasa za siku ile kwa njia ya zamani, maana sikuwa na imani na ile mpya. Nilitumikia mabwana wawili ndani ya chumba kimoja. Jasho liliponidondoka kwenye herufi, nililifuta kwa tai. Baada ya chakula cha mchana fundi aliandika amri, na mistari ikaanza kupita kwenye kioo yenyewe: Idsowe, Kilelengwani, Minjila, na vingine vyote. Kurasa sitini ziliundwa kabla chai yangu haijapoa. Nilizikagua. Hapakuwa na kosa.

Sikufurahi. Nilijiona kama mtu aliyebeba maji kichwani miaka mingi, akaonyeshwa kwamba bomba lilikuwa nyuma ya nyumba. Nilitafuta neno la shukrani, nikapata swali: "Na kesho, je?"

"Kesho utaweka habari za vijiji vitatu vilivyoleta vipimo, utaita, itaunda vitatu. Printa itachapisha karatasi tatu badala ya sitini. Saa mbili na nusu umemaliza. Saa nne uko mtumbwini, na hadi utakaporudi nitaita mimi."

Ijumaa nilifika na begi langu. Fundi alikuwa kibandani akichuja dizeli. Niliwasha kompyuta mwenyewe, nikaandika vipimo vipya vya vijiji vitatu, nikahifadhi, nikaita ile programu kama alivyonifundisha. Ilijibu kwa mstari mmoja: kurasa zote ziko sawa, hakuna cha kufanya.

Niliita tena. Hakuna cha kufanya.

Sasa nitasema jambo la aibu. Saa ilikuwa mbili na dakika ishirini, dada yangu alikuwa na miche isiyo na shamba, nami moyoni nilifurahi. Nilitoka hadi kibandani nikiwa na hatua za mtu aliyeshinda kesi.

"Njoo uone, fundi. Mashine yako inasema uongo. Nimebadilisha vitatu mbele ya macho yake, inaniambia hakuna."

Alikuja akifuta mikono. Aliutazama ule mstari, akatazama orodha ya mafaili.

"Ulipoiwasha leo, ilikuuliza nini?"

"Kile inachouliza kila siku. Leo ni tarehe ngapi."

"Ukaijibu?"

"Nilibonyeza ikapita. Sijawahi kuijibu. Tarehe naiandika mwenyewe kwenye kurasa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoingia ofisi hii."

Alinionyesha kwa kidole. Vile viwiliwili vitatu nilivyohifadhi asubuhi ile vilikuwa na tarehe ya Januari mosi, 1980. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikwisha kufa zamani. Kila ilipowashwa, kompyuta ilisahau siku zote ilizoishi, na kwa unyenyekevu ikamuuliza mwenyewe leo ni lini. Alhamisi fundi aliijibu kweli, ndiyo maana kazi ilikwenda. Ijumaa nilikuwa mimi. Programu ililinganisha kiwiliwili cha 1980 na ukurasa wa jana, ikaona kiwiliwili ni kikongwe, ikakipita kama ng'ombe aliyekunywa. Haikusema uongo. Ililishwa uongo, na aliyeilisha ni yule mwenye dhamiri.

Fundi hakuniambia lolote katika haya niliyoyaandika. Alisema tu, "Ijibu." Niliandika tarehe ya siku ile. Nilifungua vile viwiliwili vitatu na kuvihifadhi upya, nikaita. Mistari mitatu ilipita. Printa ikalia kwa muda mfupi, ikatulia. Zilitoka karatasi tatu.

Saa ilikuwa tatu na robo. Mlinzi alichukua disketi akaiweka kifuani chini ya shati. Ningeweza kuondoka. Badala yake nilivuta kiti, nikafungua ukurasa wa kwanza kati ya sitini ili niukague kwa macho, kisha wa pili. Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba nitahakikisha tu, kwamba haitachukua muda. Nilikuwa kwenye wa kumi na moja fundi aliposimama kati yangu na dirisha.

"Mwalimu. Mtumbwi."

"Dakika chache, fundi."

"Sitini hizi zilikuwepo jana. Ulizikagua jana. Unatafuta nini humo?"

Nilikijua nilichokuwa nikikitafuta. Nilitafuta ukurasa mmoja ambao usingeweza kusimama bila mimi. Kama ungepatikana, ningebaki, na shamba lingenyamaza, na ningewaeleza watu kwa uchungu kwamba kazi haikuniruhusu.

Mlinzi alichungulia, tayari ameshika usukani wa baiskeli. "Toka, Mwalimu," alisema. "Umekunywa."

Nilitoka.

Jumamosi niliiacha tai nyumbani kwa dada, nikasimama katika tope lililonifika juu ya vifundo. Wazee walikuja kwa mwendo wao, wakitumbukiza fimbo kupima njia. Mmoja aliuliza shamba hili ni la nani na linaishia wapi. Nilitaja: kutoka kisiki cha mkuyu hadi mfereji wa zamani, kutoka mfereji hadi pale mto unapopinda. Sauti yangu ya darasani ilifaa mara moja katika maisha yangu. Kigingi kikapigwa. Dada yangu alisimama ng'ambo ya mfereji na miche yake kichwani, na kabla wazee hawajafika shamba la pili alikuwa ameshainama anapandikiza.

"Nilidhani hutakuja," alisema bila kuinuka. "Nilikwisha kulia tangu Alhamisi ili Jumamosi nisilie. Nani amekufungua?"

"Ofisi imenipa ruhusa."

Aliniangalia kutoka chini ya mkono wake. Mtu aliyekulea hujua unapojibu swali lingine.

"Haya," alisema. "Shika miche."

Jumatatu nilirudi Garsen. Nilikwenda moja kwa moja redioni kumwarifu mkuu wangu kwamba nimefika salama na kwamba nipo tayari kurekebisha chochote kilichoharibika.

"Kuharibika wapi?" aliuliza. "Kurasa za Jumamosi nimepata, za jana nimepata. Kwani ulikwenda?"

Nilimjibu kwamba nilikwenda, nikazima. Kwa siku kadhaa jibu lake liliniuma. Nilikuwa nimeamini kwamba nikitoka katika chumba kile ukuta mmoja utaanguka. Hakuna hata aliyegundua kwamba kiti kilikuwa kitupu. Uchungu huo ulipokwisha, nilisikia kitu ambacho sikukizoea, hata nikadhani ni homa: wepesi wa mtu asiyehitajika kila saa. Jioni ile nilitembea hadi Minjila kwa miguu, bila disketi, nikarudi. Lile daftari la vifupisho nililipeleka kibandani. Fundi alikuwa akihitaji karatasi za kufutia vipuri vya jenereta.

Wiki iliyofuata nilimfundisha mlinzi kuijibu kompyuta tarehe. Aliniuliza kwa nini chombo chenye akili hivyo hakijui siku. Nilimwambia kwamba kinajua kile kinachoambiwa na mtu.

Mpunga ulipovunwa, mpiga kasia yuleyule aliniletea magunia mawili, moja kubwa na moja dogo. Kubwa lilikuwa na jina langu. Dogo lilikuwa tupu ubavuni, na barua iliyofungwa kwenye kamba yake ilikuwa fupi.

"Mdogo wangu, dogo ni la aliyekufungua. Sikuandikisha jina kwa sababu nilikuuliza hukunijibu. Andika mwenyewe."

Nililiweka gunia mezani, mahali palipokuwa pa daftari. Nilichukua kalamu ya wino mzito tuliyotumia kwa magunia ya mahindi. Neno fundi nililifikiria, nikaliacha, kwa kuwa mafundi ni wengi. Jina lake la cheti ningeweza kuliuliza, lakini hilo lisingekuwa jina ambalo mji ulimpa na yeye akalipokea kwa kichwa kilichoinuka, wakati mimi nikijiona bora kwa kutolitamka. Kwa herufi kubwa, nikikagua kila moja mara moja tu, niliandika ubavuni mwa gunia: Mama Jenereta.